Msimu wa Sauti ya Tatu

Jumapili, 28 Septemba

Dada yangu mpenzi, nakusalimu kwa upendo wa Bwana wetu. U hali gani? Goti lako linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji hajambo? Na wale wajukuu zako watukutu, wanakuachia nafasi ya kusali hata rozari moja ikaisha? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anakula vizuri na anagomba vizuri, ila macho yamezidi kufifia. Siku hizi ananijua kwa hatua zangu kabla sijafungua mdomo.

Uliniambia kwenye simu kwamba nikieleza mambo ya kwaya kwa mdomo naruka huku na huku, unabaki hujui mwanzo wala mwisho. Haya, nimenunua daftari. Nitakuandikia siku zinavyokuja, mpaka siku ya kumbukumbu ya kutabarukiwa kwa kanisa letu, kisha nitakutumia lote kwa mara moja. Ukikuta mstari mmoja tu, ujue siku hiyo mashati ya shule yalinizidi kwenye cherehani.

Habari kubwa ni kwamba kanisa limefungwa. Usishtuke, ni paa. Mvua za mwaka jana zilipenya mpaka kwenye roshani ya kwaya, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye mabomba ya kinanda. Mafundi wamejaza vyuma vyao kuanzia mlango mkubwa hadi altareni. Misa zote zinasaliwa kwenye ukumbi wa shule hadi Novemba, na siku ya kumbukumbu ndiyo itakuwa siku ya kufungua tena milango. Kanisa linatimiza miaka mia moja na thelathini, dada! Na Misa Kubwa itaimbwa, ile ile yetu ya Kilatini, ya sauti nne, ambayo Mama aliiimba akiwa msichana na mimi na wewe tukaijua kabla hatujajua kusoma.

Wewe ulikuwa ukiimba soprano huko mbele, umepambwa. Mimi nipo pale pale, mwisho wa mstari wa alto, mahali pa Mama, ambapo mti wa kizuizi cha roshani umelainika kwa mikono yetu.

Jumanne, 30 Septemba

Mwalimu wetu wa zamani amestaafu, na leo ameanza mpya. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amesomea muziki miaka mingi, anaongea polepole kama mtu anayepima dawa. Ana kijiti cheupe cha kuongozea, hakiachi hata akinywa maji. Kabla ya mazoezi kwisha Wifi alikuwa ameshambatiza: Mwalimu Kijiti. Wifi unamjua, dada wa mume wangu, yule msusi, sauti yake ikitoka saluni kwake inafika sokoni. Anasimama karibu yangu kwenye alto, na nikitoka mazoezini sikio langu la kushoto huwa linavuma.

Sasa nikusimulie aibu yetu. Tulianza na kile kipande cha kwanza cha kuomba huruma. Tukaimba mstari, tukanyamaza. Mwalimu Kijiti mkono juu, anatusubiri. Sisi kimya. Akasema, "Endeleeni." Tukaendelea mstari wa pili, tukanyamaza tena, watu thelathini tumekodoa macho kwenye dari.

"Samahani," akasema, "mnangoja nini?"

Tukatazamana. Ndipo Wifi akajibu, "Tunangoja jumba limalize, Mwalimu."

"Jumba lipi?"

Jumba lenyewe halikuwepo! Dada, tumezoea kanisani, pale ukimaliza mstari sauti inapanda juu ya nguzo, inazunguka, inarudi, na hakuna anayevuta pumzi mpaka irudi. Tangu utoto ndivyo tulivyofundishwa. Kumbe tunangoja mwangwi kwenye ukumbi wa dari la mbao laini na viti vilivyopangwa juu ya viti, mahali ambapo sauti inaanguka miguuni pako kama kitambaa kilicholowa. Tulicheka mpaka mume wangu, huko nyuma kwenye besi, akalazimika kukaa chini.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mashati.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo sikucheka.

Mwalimu Kijiti alisema ukumbi huu ni zawadi. Kanisani jumba lilikuwa likitusitiri, akasema, linachukua makosa yetu na kuyafunika kwa mwangwi. Hapa tutajisikia tulivyo. Kisha akasema anataka kusikia kila mtu peke yake, pembeni ya piano, wengine wakingoja nje barazani.

Mimi nilikwenda bila wasiwasi. Miaka yote hii nimekuwa kichwa cha alto, nani atanipima? Akapiga nota, nikaimba. Akapanda, nikapanda. Akapanda tena, na hapo, dada, sauti yangu ikakatika kama uzi mbovu. Nikarudia, ikakatika tena. Nikaisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kavu, haina wa kuifunika. Nota ambazo mstari wetu wa alto unazihitaji kila ukurasa.

"Tushuke," akasema. Tukashuka. Tukashuka tena. Akawa anabonyeza funguo za chini, mimi naimba, naye anaanza kutabasamu. Nikajua ananicheka.

"Mama," akasema, kwa heshima, lazima niseme ukweli, "wewe zamani ulikuwa alto. Sasa wewe ni teno."

Nikamuuliza, "Unaniambia nimekuwa mwanamume?"

"Nakuambia una sauti nzuri sana, ila unaitafuta mahali ilipohama."

Nikachukua mkoba wangu. Nje nilimkuta Wifi akingoja zamu yake, akaniuliza vipi, nikamwambia huyo Mwalimu na kijiti chake akakorogee chai.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeshona mikono ya shati kinyume mara mbili. Mume wangu alipoona nimekaa kimya wakati wa chakula akajaribu kunifurahisha. "Njoo nyuma kwetu bwana, tukuazime suruali." Nikamnyang'anya sahani kabla hajamaliza. Ni mtu mwema, fundi wa pampu za maji kama unavyomjua, siku nzima anashinda kisimani, lakini mzaha wake nao una kutu.

Mama alisikia sahani zikigongana. "Kuna nini huko?" Nikasema hakuna kitu. Ningemwambiaje? Yeye ndiye aliyeanzisha mstari ule wa alto pamoja na wenzake ambao wote sasa wamelala. Siku aliponiachia nafasi yake aliniwekea mkono kwenye kile kizuizi kama vile ananikabidhi nyumba.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Padri alihubiri tukasikia nusu. Niliimba alto, nikizipita zile nota za juu kwa kufungua mdomo bila kutoa sauti. Wifi aliimba kwa wawili. Nadhani amegundua.

Jumanne, 14 Oktoba

Sasa nimejua kwa nini Mwalimu Kijiti alikuwa anasaka teno. Wale teno wetu wa siku zote, mmoja amehamishwa kikazi, mwingine amehamia kwa mwanawe, na wa tatu kahudhuria mara moja tangu tuanze. Wamebaki wawili na nusu: Mwenye Bucha, Dereva wa teksi, na huyo wa tatu, ndiye nusu, anayekuja akijisikia. Soprano wamejaa, alto tumejaa, besi wananguruma. Sauti yao hiyo ya tatu inasikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Kile kipande cha Benedictus, cha mbarikiwa ajaye kwa jina la Bwana, unakikumbuka. Teno wanaanza peke yao, chini, taratibu, halafu sisi wengine tunaingia mmoja mmoja kama watu wanaoingia kusali. Leo walianza Mwenye Bucha na Dereva, na kabla alto hatujaingia walikuwa wameshazama. Wakarudia, wakazama tena. Mwenye Bucha akafuta jasho. "Mwalimu, ng'ombe mzima namwinua peke yangu, lakini huyu Benedictus mzito."

Mwalimu Kijiti hakuniangalia hata mara moja. Nilitamani aniangalie ili nikasirike vizuri.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa Padri alituomba wanakwaya tubaki. Akasema bila kuzunguka: siku ya kumbukumbu watakuja wageni wengi, wataletwa hata wazee waliobatizwa pale wakaondoka zamani. Misa Kubwa haiwezi kuimbwa ikiwa na shimo katikati. Kama hadi mwisho wa mwezi hatutakuwa na teno wa kutosha, ataialika kwaya ya kanisa kuu iiimbe, nasi tutaimba nyimbo za kawaida za maandamano na matoleo.

Wageni waje kuimba Misa yetu, kwenye roshani yetu, na sisi tukae chini tukisikiliza! Mzee mmoja wa besi alitoa miwani akaanza kuifuta bila sababu.

Njiani nilimwambia mume wangu, "Ni huyo kijana. Amempelekea Padri maneno ili alete watu wake wa kanisa kuu wamfurahishe." Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama watoto, mimi nilikuwa pale nje wakiongea. Padri alitaka kuwaalika tangu wiki iliyopita. Huyo kijana ndiye aliyemsihi angoje. Kasema kwaya yenye Misa yake yenyewe miaka yote hiyo haikodishiwi sauti."

Nikafungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika.

Jumanne, 21 Oktoba

Sikwenda mazoezini. Nilisema kichwa. Mungu anisamehe, kichwa hakikuwa na neno.

Ijumaa, 24 Oktoba

Dada, kaa vizuri, leo ninaandika mengi.

Mvua ilipiga kuanzia saa sita mchana, mvua ya kukufanya uinue kila kitu kutoka sakafuni. Mume wangu alirudi mapema kwa sababu kisima alichokuwa akitengeneza kilikuwa kimejaa maji ya juu. Umeme ukakatika. Cherehani yangu ni ya miguu, haijali, lakini giza la mawingu halikuniachia kuona sindano. Basi tukakaa jikoni, yeye akipangusa vyombo, mimi nikiviosha. Mama alikuwa amelala chumbani kwake, mlango umefungwa.

Akaanza kuimba besi ya Benedictus, kwa ndani, kama kawaida yake akiwa na kitambaa mkononi. Besi peke yake si wimbo, ni kama miguu ya meza bila meza. Akaimba, akafika mahali, akaacha.

"Hapa sijui nisimame kiasi gani," akasema. "Namsubiri teno, na teno hayupo."

"Teno anasema hivi," nikamjibu, nikamwimbia, ili tu ajue.

Najua teno. Wote tunajua sauti zote, tumezisikia maisha yetu yote. Lakini nilikuwa sijawahi kuiimba kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliimba mstari mmoja, dada, na sauti ikatoka. Haikukwaruza, haikutafuta, haikupanda kwa vidole vya miguu. Ilianguka mahali pake kama kitambaa kizuri unapokitandaza mezani, kinalala chenyewe hadi pembeni.

Mume wangu alisimama na sahani mkononi. "Endelea," akasema.

Tukaimba kipande chote, yeye chini, mimi juu yake kidogo tu, sauti zetu zikikaribia kugusana. Miaka yote ya ndoa yetu tumeimba Misa hii katika jumba moja, yeye nyuma, mimi mbele, sijawahi kumsikia. Kumbe besi yake ina mahali inatetemeka kwa uchaji, pale kwenye jina la Bwana. Nilidhani anaimba kwa kuwa kaka zake waliimba. Leo nilimsikia akisali.

Tulipomaliza hakufanya mzaha. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Akasema tu, "Huko nyuma tuna nafasi. Lakini ile nafasi ya mbele ni ya Mama yako, na mimi siwezi kukuambia uiache."

Nilisali jioni nzima nikikunja mashati. Nikamuuliza Mungu kwa nini alinipa sauti kisha akaihamisha. Halafu nikajiona ninavyouliza, kama mteja aliyeletewa nguo inayomkaa sawasawa naye anagombana na fundi kuhusu rangi.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilimfuata Wifi saluni baada ya misa. Alikuwa akimsuka mteja, nikakaa kwenye kigoda.

"Unaumwa?" akaniuliza. "Huwa huji hapa ila kunisema."

"Nimekuja kukuachia nafasi yangu. Mwisho wa mstari. Naenda teno."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, maana wewe unajua jinsi nilivyomsema Wifi kwa miaka, kwamba anaimba kama anaita kuku. Nilidhani atapiga vigelegele. Badala yake aliweka chanuo chini.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki nini? Tangu lini wewe hutaki kusikika?"

"Wifi, mimi naimba kwa nguvu kwa sababu nasoma nota kwa kukusikiliza wewe. Nisipokusikia naogopa, nikiogopa napiga kelele. Ukienda nyuma nitamsikiliza nani?"

Mteja akainua kichwa. "Jamani, mimi nina harusi saa kumi."

Tulicheka, halafu tukalia kidogo, halafu Wifi akamaliza zile nywele akiimba alto taratibu, nikimsahihisha pale anapoharakisha. Akiimba polepole ana sauti nzuri, yenye asali. Haki ya Mungu sikuwa naijua. Nimesimama kando yake miaka hiyo yote nikiziba sikio.

Jumanne, 28 Oktoba

Niliingia ukumbini nikapita mstari wa alto nikaenda kusimama kwa wanaume. Ukimya ulikuwa mkubwa kuliko siku ile tulipongoja mwangwi. Mwenye Bucha akasogea, akapangusa mahali pa kusimama kwa leso yake, akasema, "Karibu, Bwana Teno." Soprano wakaangua kicheko. Nikajibu, "Asante, na punguza harufu ya maini," wakacheka zaidi, basi yakaisha.

Mwalimu Kijiti aliinua kijiti. Benedictus haikuzama.

Tulipotawanyika nilimwendea. "Mwalimu, siku ile nilidhani unanicheka."

"Nilifurahi, Mama. Nilikuwa nimemsaka teno wa namna hiyo mji mzima."

Padri alikuwa amesimama mlangoni tangu katikati ya mazoezi, koti linachuruzika maji. Akasema kwaya ya kanisa kuu wataalikwa kuja kusikiliza.

Jumanne, 4 Novemba

Yule nusu amerudi. Anasema alisikia teno wana mwanamke mwenye sauti nzuri kuliko yake, akaona aibu kukaa nyumbani. Sasa tuko wanne wazima.

Alhamisi, 6 Novemba

Mashati, mvua, mazoezi. Magoti yangu sasa yanafanana na lako.

Jumanne, 11 Novemba

Tumerudi kanisani! Vyuma vimetoka. Mbao za dari zimesuguliwa, zimepakwa mafuta, ukitazama juu unaona kila boriti kama mbavu za mtu mwenye afya. Mabomba ya kinanda yamefutwa yote, makubwa yanaonekana kama wazee waliovaa vizuri. Nilipita kwenye mstari wa alto nikakigusa kile kizuizi. Wifi alikuwa ameshasimama pale, mkono wake juu ya mti. Hakunitazama, akanisogezea tu kidole chake kidogo, nami nikakigusa, nikaenda nyuma.

Mwalimu Kijiti hakuwa amewahi kuongoza humu. Alipokuja mafundi walikuwa wameshaanza. Tukaimba mstari wa kwanza kwa haraka yetu ya ukumbini, na mstari wa pili ukaugonga ule wa kwanza ukiwa bado unarudi. Vurugu tupu. Akasimamisha. Tukarudia, na safari hii akashusha mikono mwisho wa mstari na kuangalia juu. Sauti yetu ikapanda, ikazunguka nguzo, ikakaa huko, ikarudi. Akasimama mdomo wazi kama mtoto anayeangalia ndege ya kwanza.

"Sasa nimejua mlikuwa mnangoja nini," akasema.

Nilijisikia fahari, dada, kana kwamba nimelijenga mimi. Lakini niseme na la pili: haikuwa ile sauti yetu ya zamani. Zamani mwangwi uliturudishia ukungu. Leo ulitufunulia kila sauti peke yake, nne safi. Ukumbi ule mkavu ndio uliotuosha, na kijana yule ndiye aliyetushika tuoshwe.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimebadilisha kola ya joho langu. Ile ya buluu ya alto nimeifumua, nimeshona ya rangi ya zabibu kama ya wanaume. Kwenye shingo nilishona polepole, na mshono umenyooka.

Mama bado sijamwambia. Kila nikitaka kufungua mdomo ananiambia habari ya mstari wa alto, nani alisimama wapi, nani aliimba na mimba ya miezi minane. Leo kaniambia, "Kesho nitakaa benchi la mbele, nitakusikia wewe kwanza, wengine baadaye." Nikasema ndiyo Mama. Nakwenda kulala na moyo mzito kama pasi.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika jioni, miguu imo kwenye beseni la maji ya moto.

Mvua ilikatika alfajiri, na jua likaja kupitia vioo vya rangi hadi kwenye sakafu mpya iliyosafishwa. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi za nje. Wazee walioletwa walikaa mbele, Mama kati yao, kitambaa chake cheupe nikikiona kutoka roshani. Kwaya ya kanisa kuu walikuwa benchi la upande, wamevaa vizuri, wamekunja mikono.

Kinanda kilipoanza nilihisi mti wa sakafu ukitetemeka chini ya viatu vyangu. Tukaomba huruma, tukaimba Utukufu. Tuliimba vizuri, dada. Hiyo siisemi kwa majivuno, au basi niseme kwa majivuno, Mungu anajua ni yake. Wifi aliongoza alto kwa sauti ya asali, taratibu, hakuna aliyepiga kelele.

Kabla ya Benedictus Mwenye Bucha akanigusa kiwiko. Tangu juzi alikuwa na mafua, na alikuwa ameimba Utukufu kwa nguvu zote. "Koo limefunga," akaninong'oneza. "Anza wewe, sisi tutakufuata." Nikamtazama Dereva, alikuwa rangi ya majivu. Yule nusu alikuwa anaangalia viatu.

Mwalimu Kijiti akainua kijiti. Alituona, akaelewa yote kwa sura zetu. Akanitazama mimi. Akaitikia kwa kichwa kidogo tu, kama mtu anayekuambia mlango uko wazi.

Nikaanza. Peke yangu, sauti ya tatu, chini, taratibu. Sikuitafuta. Nilimfikiria tu yule ajaye kwa jina la Bwana, na nota zikaja moja baada ya nyingine, zikatoka roshani zikaenda juu ya vichwa vya watu, zikafika altareni. Dereva akaingia nyuma yangu, kisha yule nusu, kisha hata Mwenye Bucha na koo lake bovu. Halafu besi, na nikamsikia mume wangu chini yangu, pale pale nilipomjua. Halafu Wifi na alto. Halafu soprano juu kabisa, mahali ulipokuwa wewe. Tulipofika mwisho Mwalimu Kijiti alishusha mikono, na watu mia kadhaa wakangoja pamoja nasi bila kuambiwa.

Baada ya misa nilishuka ngazi. Padri alikuwa akipeana mikono na watu wa kanisa kuu, na mwalimu wao alimwuliza Mwalimu Kijiti teno wake wa Benedictus amesomea wapi. Sikungoja jibu. Nilikwenda benchi la mbele, kwa Mama.

"Ni wewe," akasema, aliposikia hatua zangu. Uso ulikuwa mkavu. "Koo linakuuma?"

"Haliniumi, Mama."

"Usinidanganye. Nilikutafuta kwenye mstari wetu tangu mwanzo. Nikampata Wifi yako, ameimba vizuri, siku hizi ametulia. Wewe sikukupata. Nikajua umeugua umenificha. Nimekaa na huzuni yangu hapa hata Utukufu sikuusikia vizuri." Akauelekeza uso wake juu roshani. "Halafu akaanza yule wa Benedictus. Huyo mmemtoa wapi? Hiyo sauti sijaisikia humu tangu nianze kuimba. Nimeisahau huzuni yote."

Nilipiga magoti mbele yake. "Ni mimi, Mama."

"Wewe nani?"

"Mimi. Sauti yangu imeshuka. Nimemwachia Wifi nafasi yako. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Akaninyooshea mkono, akanipapasa kidevu, akashuka hadi kwenye koo, akauacha pale, na nikasikia vidole vyake vinangoja.

"Imba," akasema.

Nikamwimbia ule mstari wa kwanza, taratibu, watu wakiwa wanatoka kanisani. Aliusikiliza kwa vidole mpaka mwisho. Kisha akajiinua kwa kunishika bega, akamvuta mkono mwanamke wa kwanza aliyepita, mtu tusiyemjua kabisa, mgeni na mkoba wake.

"Umemsikia teno wetu?" Mama akamwuliza. "Ndiye huyu. Nimemzaa mimi."

Na akamsimamisha wa pili, na wa tatu, hadi mlangoni.

Jumatatu, 17 Novemba

Daftari limekwisha, naenda kulituma leo kabla mvua haijaanza. Mume wangu anakusalimu, Wifi anakusalimu kwa sauti ya chini, Mama anasema ufanye mazoezi ya goti uje mwakani, soprano wanahitaji mtu mzima. Nimekuandikia kila kitu, dada. Nawe tafadhali niandikie upesi unijibu, usinipigie simu. Nataka kusoma maneno yako nikiwa nimekaa.